Atafika Lini? Hesabu ya Safari ya Ndege Kutoka Mudende Hadi Chicago

Mtu anapokwenda mbali, wanaobaki nyumbani huuliza maswali mawili: ni umbali gani, na atafika lini. Swali la kwanza lina jibu moja lisilobadilika, kwa kuwa viwanja vya ndege havihami. La pili lina majibu mengi, na ndilo linalowatia watu hasarani. Ziko familia ambazo zimemsindikiza msafiri wao kwa shangwe hadi kiwanjani, zikaambiwa kwamba ndege yake iliondoka usiku uliotangulia.

Mudende ni tarafa ya wilaya ya Rubavu, kaskazini-magharibi ya Rwanda, katika miteremko ya mlima Karisimbi wenye kimo cha meta 4,507. Ni nchi ya viazi, ng'ombe na ukungu. Watu wa makamo wanaikumbuka kwa Chuo Kikuu cha Waadventista cha Afrika ya Kati, kilichofunguliwa hapo mwaka 1984 na ambacho sasa kiko Kigali. Wengine wanaikumbuka kwa jambo zito zaidi. Katikati ya miaka ya 1990 ilijengwa hapo kambi ya wakimbizi waliotoka Kivu ya Kaskazini, hususan Masisi na Rutshuru. Mwezi Agosti 1997, na tena Desemba mwaka huo huo, kambi hiyo ilishambuliwa na waasi wenye silaha, na mamia ya watu wakauawa. Walionusurika walihamishiwa Gihembe, karibu na Byumba, wakakaa huko zaidi ya miaka ishirini, mpaka kambi ilipofungwa mwaka 2021 na waliosalia wakapelekwa Mahama, mashariki ya nchi.

Hata hivyo si wote waliokwenda Mahama. Maelfu ya wakimbizi wa Kongo waliokuwa Rwanda walikwisha chukuliwa kwenda kuishi Marekani, katika mpango uliodumu miaka mingi kabla ya kusimamishwa na serikali ya nchi hiyo Januari 2025. Shirika la Kimataifa la Uhamiaji ndilo lililowasafirisha, kila jamaa ikiwa na mfuko mweupe wa plastiki wenye hati zake, mfuko ambao waliagizwa wasiuachie mkononi hata kidogo. Nauli yao haikuwa zawadi. Ilikuwa mkopo usio na riba, nao walianza kuulipa miezi michache baada ya kufika. Wengi waliingia nchini humo kupitia viwanja vichache vilivyoteuliwa, na kimojawapo ni O'Hare cha Chicago. Watu ambao mwaka 1997 walikuwa mwendo wa siku chache kwa miguu kutoka mashamba yao ya Masisi wakajikuta wako mbali nayo kwa zaidi ya kilometa 12,000.

Wako pia waliokwenda kwa njia nyingine: kwa masomo, kwa ndoa, kwa kazi. Leo ni zamu ya wazazi kusafiri. Binti amejifungua, anataka mama yake awe naye wakati wa uzazi, na mama huyo hajapata kupanda kitu kirefu kuliko basi la Kigali. Hesabu ifuatayo inamfaa yeye na wale watakaomsindikiza.

UZI JUU YA BOGA

Kutoka kiwanja cha Kigali, kilichoko Kanombe, hadi O'Hare ni takriban kilometa 12,440. Kipimo hicho si cha barabara wala cha ramani ya ukutani. Ni cha njia fupi kupita zote juu ya mgongo wa dunia, ambayo ni mviringo. Anayetaka kuiona kwa macho achukue boga la duara. Mifuo yake inayoshuka kutoka kwenye kikonyo hadi kwenye kitako ni kama mistari ya longitudo, na kiuno chake ndiyo Ikweta. Kigali aiweke chini kidogo ya kiuno, kwa kuwa iko nyuzi 2 tu kusini ya Ikweta. Chicago aiweke upande wa magharibi, baada ya kuzunguka karibu theluthi moja ya boga zima, na aipandishe karibu nusu ya njia kutoka kiunoni kwenda kwenye kikonyo. Kisha avute uzi katikati ya alama hizo mbili mpaka ukaze.

Ataona kwamba uzi hauendi moja kwa moja kushoto kama ambavyo ramani bapa inavyomdanganya. Unapanda kwanza kuelekea kaskazini-magharibi, na juu ya dunia halisi ungepita Afrika ya Kati, Chad, Niger, Algeria na Moroko, ukavuka Atlantiki, ukagusa Kanada, ndipo ukashuka Chicago. Kwa sababu hiyo, kupitia Ulaya si mzunguko mkubwa kama unavyodhaniwa. Kutoka Kigali hadi Brussels ni kama kilometa 6,360, na kutoka Brussels hadi Chicago ni kama 6,670. Jumla ni kilometa 13,030 hivi, yaani ziada ya kilometa 600 tu juu ya uzi wenyewe. Anayepitia Addis Ababa atakwenda kama kilometa 13,730. Anayepitia Doha, ambako ni kuipa Marekani kisogo kwanza kabla ya kuigeukia, atakwenda zaidi ya kilometa 15,200. Tikiti ya Doha ikiwa rahisi kwa bei, mnunuzi ajue kwamba ananunua na kilometa 2,200 za kukaa kitini.

Hakuna ndege inayokwenda moja kwa moja kutoka Kigali hadi Chicago. Si kwamba haiwezekani; kati ya Singapore na New York ndege huruka zaidi ya kilometa 15,000 bila kutua. Lakini safari kama hiyo hudai abiria wa kutosha kila siku. Isitoshe, Kanombe iko juu, karibu meta 1,490 kutoka usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi, mbawa hushika kidogo na injini hupumua kidogo, na ndege iliyojaa mafuta ya nusu dunia hupata taabu kunyanyuka kuliko ambavyo ingekuwa pwani, Dar es Salaam au Mombasa.

Watu wa Mudende wanalijua jambo la ukaribu usiosaidia. Kiwanja cha ndege cha Goma hakizidi kilometa 20 kutoka kwao kwa mstari wa hewani. Lakini kati yao na kiwanja hicho upo mpaka. Januari 2002 lava ya mlima Nyiragongo ilifunika sehemu ya njia yake ya kurukia, na Januari 2025 mapigano yalisimamisha ndege zake za abiria. Kwa hiyo msafiri hugeuka upande wa pili na kushika barabara ya milima kwenda Kigali, kama kilometa 155 kutoka mjini Rubavu, mwendo wa saa tatu hadi nne kwa basi ikiwa hakuna maporomoko wala foleni ya malori.

MWENDO NA UPEPO

Ndege kubwa ya jeti ikiwa imekwisha panda huenda kama kilometa 900 kwa saa. Mwanafunzi wa darasa la sita atagawanya 13,030 kwa 900, na atapata saa 14 na nusu. Hesabu yake ni sahihi, ila safari hiyo haipo. Kigali hadi Brussels huchukua zaidi ya saa 8, na Brussels hadi Chicago karibu saa 9; jumla ni saa 17 na nusu hivi.

Saa tatu zilizozidi zina sababu. Ndege hutambaa ardhini kabla ya kuruka, hupanda polepole, na hungoja zamu ya kutua. Tena haifuati uzi wa boga barabara; hufuata njia zilizopangwa na waongozaji, na njia hizo hupindishwa na mambo ya dunia. Mstari wa Kigali hadi Brussels hupita juu ya Darfur. Vita vilipozuka Sudan Aprili 2023, anga ya nchi hiyo ilifungwa kwa ndege za abiria, na marubani wa safari za Afrika Mashariki na Ulaya wakalazimika kuzunguka. Abiria aliyelala hakujua kitu, ila saa yake ilijua.

Sababu kubwa zaidi ni upepo. Juu ya Atlantiki ya kaskazini, katika kimo cha kilometa 10 hivi, huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki upepo wenye nguvu ambao mara nyingi hupita kilometa 150 kwa saa. Anayekwenda Marekani anapambana nao kama mtumbwi unaopanda mto, na anayerudi hubebwa nao. Ndiyo maana Brussels hadi Chicago ni saa 9 na kurudi ni saa 8 au pungufu, hali kilometa ni zile zile. Safari ya Kigali na Brussels hukata kutoka kusini kwenda kaskazini, hivyo upepo huo humpiga ubavuni zaidi kuliko usoni, na tofauti ya kwenda na kurudi ni ndogo.

Anayelalamikia saa hizo amkumbuke Mbelgiji Edmond Thieffry. Mwaka 1925 aliondoka Brussels tarehe 12 Februari na wenzake wawili, katika ndege ya injini tatu, kuifungua njia ya hewani ya kwenda Kongo. Walitua Léopoldville, ambayo leo ni Kinshasa, tarehe 3 Aprili. Ni siku 51. Muda waliokuwa angani kwa kweli ulikuwa kama saa 75 tu. Siku nyingine zote zilikwisha katika matengenezo, hali ya hewa mbaya na kungoja. Tangu siku hizo injini zimebadilika sana, lakini desturi ya safari kuliwa na ardhi kuliko hewa haijakoma, kama itakavyoonekana.

SAA YA NANI?

Na achukuliwe mama mmoja wa Mudende, wa mfano tu, na ratiba ya mfano ambayo si ya kampuni yoyote. Ni mwezi wa Julai. Jumatatu saa tano asubuhi anaondoka nyumbani. Anafika Kigali saa kumi jioni na kuingia kiwanjani saa kumi na moja. Ndege inaruka saa mbili na nusu usiku, inatua Brussels saa kumi na moja alfajiri ya Jumanne. Anangoja hadi saa nne na nusu asubuhi, anaruka tena, na karatasi yake inaonyesha kwamba atatua Chicago saa sita na nusu mchana, siku hiyo hiyo.

Hapo ndipo wasomaji wengi wa tikiti hukosea. Saa nne na nusu hadi saa sita na nusu ni saa mbili, nao huwaza kwamba Brussels na Chicago ni kama Kigali na Rubavu. Ukweli ni kwamba kila saa iliyoandikwa kwenye tikiti ni saa ya mahali inapotajwa. Chicago, wakati wa kiangazi chao, iko nyuma ya Kigali kwa saa 7. Wakati wa baridi yao, kwa saa 8. Mama huyo akitua saa sita na nusu mchana wa Chicago, nyumbani Mudende ni saa moja na nusu usiku na watu wanakaa kula. Amekuwa angani saa 9. Akirudi ataona kinyume chake: ataondoka Chicago saa kumi na mbili jioni, atue Brussels saa tatu asubuhi ya kesho yake, na karatasi itaonekana kumdai saa 15 kwa safari ya saa 8.

Brussels yenyewe haina taabu kubwa. Kiangazi saa yake ni sawa na ya Rwanda, na majira ya baridi iko nyuma kwa saa 1. Msafiri anayetokea Tanzania, Kenya au Uganda akumbuke kwamba saa ya Rwanda iko nyuma ya nchi hizo kwa saa 1. Anayevuka Rusumo asubuhi kwenda kupanda ndege Kigali hupata saa ya bure, ila akisahau kuirudisha wakati wa kurudi ataachwa na basi.

Dawa ya mkanganyiko huu ni kuhesabu safari nzima kwa saa moja tu, yaani saa ya nyumbani. Jumatatu saa tano asubuhi hadi Jumanne saa moja na nusu usiku ni saa 32 na nusu. Ukiongeza saa 2 za kuonyesha pasipoti na kungoja mizigo, ni 34 na nusu. Katika hizo, saa za kuruka ni 17 na nusu. Zilizobaki, karibu nusu ya safari, ni za basi, mabenchi na foleni. Mwenye kumwandalia mama chakula, dawa na nguo aandae kwa saa 34, asiandae kwa 17.

Lipo tatizo la pili, nalo ni letu wenyewe, watu wa nchi hizi. Tikiti huhesabu saa kutoka usiku wa manane hadi usiku wa manane, 0 hadi 24. Mswahili huhesabu kutoka machweo na mapambazuko, na Mnyarwanda vivyo hivyo. Lugha yake huita saa moja ya asubuhi kwa maneno yaliyo ndugu na yetu. Penye 20:30 huondolewa 12, ikabaki 8 na nusu, kisha huondolewa 6, ikabaki saa mbili na nusu usiku. Kazi hiyo si ngumu kwa mwenye kuizoea. Hatari kubwa iko kwenye saa za baada ya usiku wa manane.

Tuseme tikiti inasema ndege inaondoka tarehe 15, Alhamisi, 00:30. Familia inasoma Alhamisi, usiku. Inakula chakula cha kuagana Alhamisi mchana, inafika Kanombe Alhamisi saa tatu usiku, mapema kabisa, na kumbe ndege iko Ulaya tangu asubuhi. Ilitakiwa ifike kiwanjani Jumatano usiku. Wazee wa pwani hawangekosea hapa, kwani kwao usiku hutangulia mchana wake: usiku wa Alhamisi ni ule unaoanza Jumatano jua likizama. Lugha inayo maneno yanayofaa, nayo ni usiku wa kuamkia Alhamisi. Mwenye kumwandikia mzazi ratiba aandike hivyo hivyo, wala asiridhike na tarehe. Tena atazame alama ndogo ya +1 karibu na saa ya kufika. Maana yake ni kwamba ndege itatua siku inayofuata, na anayekwenda kumpokea mgeni ahesabu siku hiyo.

MWILI NAO HUSAFIRI

Hewa ya ndani ya ndege husukumwa iwe kama ya mlimani, kwa kawaida ya kimo cha meta 1,800 hadi 2,400. Hapa mtu wa Mudende amepata bahati, maana amezaliwa juu ya meta 2,000 na mapafu yake hayatashtuka. Mtu wa Tanga au Lamu huenda akaona kichwa chepesi. Lakini hewa hiyo ni kavu kuliko ya mlima wowote wenye ukungu, hivyo maji yanywewe mara kwa mara, hata na mama anayeogopa kumsumbua jirani yake kwa kwenda chooni. Kwenda chooni kwenyewe ni dawa. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba hatari ya damu kuganda katika mishipa ya miguu huongezeka karibu maradufu kwa anayekaa safarini saa 4 au zaidi bila kujinyoosha. Kwa mtu mwenye afya hatari hiyo ni ndogo, kama mmoja katika 6,000. Kwa aliyepasuliwa karibuni, mjamzito, mnene sana au aliyewahi kuganda damu, ni kubwa zaidi, na yampasa amwone daktari kabla ya kununua tikiti. Kukunja na kukunjua vifundo vya miguu kitini, na kutembea kila baada ya saa moja au mbili, hakuna gharama.

Dawa za kila siku zikae katika mkoba wa mkononi pamoja na karatasi ya daktari. Insulini isiwekwe kamwe katika mzigo unaoshushwa chini ya ndege, ambako yaweza kuganda kwa baridi. Mgonjwa wa kisukari au wa shinikizo la damu aulize mapema atameza au kujidunga saa ngapi katika safari ambayo siku yake moja ina saa 31. Kufuata saa ya ukutani kila anapotua kutamfanya arudie dawa au airuke. Hapa tena saa ya nyumbani, iliyoachwa mkononi bila kubadilishwa mpaka afike, ni msaada mkubwa.

Mtoto mchanga anyonyeshwe ndege inapopanda na hasa inaposhuka, maana kumeza hufungua masikio. Kilio chake wakati huo si cha utundu.

Kuhusu chakula, wazazi wa milimani hawapendi kwenda mikono mitupu. Lakini kibuyu cha maziwa ya mgando hakitapita mahali pa ukaguzi, kwani kimiminika kinachozidi mililita 100 hakiruhusiwi mkononi, na Brussels mizigo ya mkononi hukaguliwa upya. Nyama, matunda mabichi, mbegu na viazi vya shambani havipokelewi Marekani. Kila kinacholiwa kitajwe kwenye forodha kikiulizwa. Kukitaja na kukiacha ni aibu ndogo, kukificha ni faini.

Familia nyingi za mpakani zina ndugu wa pasipoti mbili tofauti, na sheria haziwatazami sawa. Raia wa Kongo ni miongoni mwa wanaotakiwa viza ya kupita katika viwanja vya Ubelgiji na majirani zake, hata asipotoka nje ya kiwanja, isipokuwa awe na hati zinazomwondolea sharti hilo, mathalani viza ya Marekani ambayo haijakwisha muda. Raia wa Rwanda hatakiwi viza hiyo ya kupita. Ndugu wawili waliokata tikiti pamoja wanaweza kutengana mbele ya meza ya kukaguliwa kwa jambo hili tu.

Baada ya kufika, mwili hubaki Mudende kwa siku kadhaa. Wataalamu hukadiria kwamba hujirekebisha kwa muda wa saa moja hivi kila siku, hivyo tofauti ya saa 7 humalizika baada ya wiki nzima. Mama ataamka saa nane usiku akiwa tayari kukamua, na atasinzia mchana mbele ya wageni waliokuja kumwamkia. Asihukumiwe kuwa mgonjwa. Akae juani asubuhi na alasiri, na asilale kabla ya giza. Kwa kurudi itakuwa shida zaidi, kwani kwenda mashariki ni kujilazimisha kulala kabla ya usingizi kuja. Asipangiwe kazi ya shamba wiki hiyo.

Wa nyumbani wanaotaka kusikia sauti yake wapige simu saa mbili usiku wa Rwanda. Chicago itakuwa saa saba mchana wa kiangazi, au saa sita wakati wa baridi. Anayepiga asubuhi, kabla ya kwenda kuchimba viazi, atawaamsha usiku wa manane pamoja na mtoto mchanga.

Kwa mzee asiyejua lugha za huko, Brussels ndipo penye hofu. Ni kiwanja kikubwa, matangazo ni mengi, na saa tano za kungoja zinamtosha mtu kupotea. Kampuni za ndege zina wahudumu wa kuwasindikiza wazee na wasiojiweza kutoka ndege moja hadi nyingine, wengine kwa kiti cha magurudumu, bila malipo. Lakini msaada huo huombwa wakati wa kukata tikiti, au angalau siku mbili kabla ya safari, hauombwi mlangoni. Pamoja na hayo, avae shingoni karatasi yenye jina lake, namba ya kila ndege, saa za kuondoka zilizoandikwa kwa namna zote mbili, ile ya tikiti na ile ya nyumbani, na namba ya simu ya binti anayemngoja. Iandikwe kwa herufi kubwa, kwa Kifaransa na Kiingereza, kwa wino usiofutika kwa jasho.